Mwenye Mchezo ni Mchezaji: Jawabu kwa Wanaokataza Kuzima Nyongeza

Imeenea baina ya wapenzi wa michezo ya mikakati ya kompyuta rai moja ambayo, kwa kurudiwa mara nyingi bila ya kupata mpinzani, imekaribia kuhesabiwa kuwa sharia: kwamba mtu akishanunua nyongeza ya mchezo hana budi kuyapokea yote yaliyomo ndani yake, matamu na machungu, kwa kuwa mbunifu ndiye ajuaye jinsi mambo hayo yanavyofungamana, na kwamba yule anayeomba apewe njia ya kukizima kipengele asichokipenda ni mtu wa deko, au mvivu wa kujifunza, au hajaelewa mchezo ni kitu gani. Wenye rai hii si watu wa kudharauliwa, maana wengi wao ni wachezaji mahiri wenye mapenzi ya kweli na kazi za wabunifu, na mapenzi hayo ndiyo yanayowasukuma kuitetea kazi kila waionapo kuguswa. Hata hivyo naiona rai yao kuwa ni batili, na nimekusudia kuzichukua hoja zake moja baada ya moja, nizipime kwa insafu, na kuonyesha kila moja ilipopinda. Ninalolidai mimi ni hili: kwamba mchezo wa mikakati hukamilika mikononi mwa anayeucheza, na kwa hivyo mchezaji ana haki ya kuchagua ni kanuni zipi za nyongeza zitakazomtawala katika dola yake, na mbunifu anayempa hiari hiyo haipunguzi kazi yake, bali anaizidishia hadhi.

Tusiyazungumze mambo haya kwa ujumla tu, maana kwa ujumla kila rai huonekana njema. Natuchukue mchezo mmoja unaojulikana na wengi. Mwaka 1991 Sid Meier na Bruce Shelley, wakiwa katika kampuni ya MicroProse huko Marekani, walitoa mchezo uitwao Civilization, ambamo mchezaji huanza na kaumu ndogo mwaka wa 4000 kabla ya Masihi, akajenga mji wake wa kwanza, akagundua maandishi na gurudumu na baruti, na, zamu baada ya zamu, akaiongoza dola yake mpaka zama za vyombo vya angani. Toleo la sita la mchezo huo lilitoka mwaka 2016, na likafuatiwa na nyongeza mbili kubwa. Ya kwanza, Rise and Fall ya mwaka 2018, ilileta utiifu wa miji, yaani kila mji kuvutwa na majirani zake hata ukaweza kuasi na kuitupa dola iliyoujenga, na ikaleta pia zama za neema na zama za giza. Ya pili, Gathering Storm ya mwaka 2019, ilileta mito inayofurika, milima inayotema moto, bahari inayopanda kwa sababu ya moshi wa viwanda, mabwawa, mifereji, reli na umeme. Na pamoja na hayo yote ikaleta Baraza la Dunia, ambalo mataifa hukutana ndani yake kila baada ya muda na kupiga kura juu ya mambo yanayowafunga wote.

Sasa mfikirie mchezaji aliyeipenda mito ile, ambayo leo humvunjia mashamba na kesho humwachia ardhi yenye rutuba kuliko mwanzo, na akaipenda reli na mifereji, lakini Baraza la Dunia hakulipenda hata kidogo. Kwani humkatiza kila mara akiwa katikati ya shughuli zake, likaanza kuitishwa tangu zama za kati, hata kabla hajakutana na baadhi ya mataifa yanayompigia kura, na likaweza kuamua kwa wingi wa sauti kwamba bidhaa fulani ya anasa, ambayo yeye ameihangaikia kwa zamu nyingi, isiwaletee tena raia wake furaha yoyote. Mchezaji huyu afanye nini? Ukurasa wa mipangilio unampa kuchagua kanuni za aina tatu: za asili, za nyongeza ya kwanza, au za nyongeza ya pili. Akitaka kuliepuka Baraza, hana budi kurudi nyuma kwenye kanuni za nyongeza ya kwanza. Na akirudi huko, mito yake haifuriki tena, reli hana, umeme hana, na mataifa aliyoyanunua pamoja na nyongeza ile hawezi kuyaongoza. Aweza kuuzima ushindi wa kidiplomasia, lakini Baraza lenyewe litaendelea kukutana vile vile. Ndiyo kusema ameuziwa vitu kumi akalipia vitu kumi, na kwa kuchukizwa na kimoja hunyang'anywa vyote tisa. Hapo ndipo mzozo wetu ulipo. Wala haukuzuka kwa sababu watu hawapendi nyongeza, bali umezuka kwa sababu wanazipenda kiasi cha kutotaka kuzikosa kwa ajili ya kitu kimoja.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wangu ndiyo nyepesi kuliko zote, na ndiyo isemwayo mara nyingi kuliko zote: asiyependa asinunue. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau kama nyongeza ingekuwa kitu kimoja kisichogawanyika, na lau kama kila jipya lingefika kwa njia ya ununuzi. Yote mawili si kweli. Mwaka 2021 toleo hilo la sita la Civilization lilianza kuuzwa katika mkusanyo mmoja wenye nyongeza zote ndani yake, na anayeununua mkusanyo huo kwa mkupuo hukuta kila kitu kimekwisha kuwekwa mahali pake. Huyo hakuulizwa wala hakuchagua. Na kuna jambo zito zaidi. Mchezo wa Crusader Kings II, uliotolewa na kampuni ya Paradox ya Stockholm, Uswidi, mwaka 2012, ulipata mnamo Februari 2016 nyongeza iitwayo Conclave, na siku hizo hizo likaja sasisho la bure lililoleta mikataba ya kujihami, ambayo kwayo watawala wa jirani, hata wasiokuwa na dini moja, huungana dhidi ya mfalme yeyote anayetanua milki yake upesi. Sasisho hilo lilimfikia aliyenunua nyongeza na asiyenunua. Wachezaji wengi waliikasirikia mikataba hiyo, na kumwambia mmoja wao kwamba angejizuia kununua ni kumwambia maneno matupu, maana hakununua kitu: aliamka asubuhi akakuta sharia za dunia yake zimebadilika.

Na waliokuwa wakiujenga mchezo huo hawakuwajibu wachezaji wao kwa kauli ya asiyependa asinunue. Mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule, pamoja na nyongeza iliyohusu tauni, walileta ukurasa wa kanuni za mchezo, na ndani yake kila mchezaji akapewa ruhusa, kabla ya kuanza, kuizima mikataba ya kujihami, au kubadili namna majeshi yaliyoshindwa yanavyorudi nyuma, au kuamua kama uvamizi wa Waazteki utatokea au la. Jambo hili la Waazteki linafaa kutajwa, kwa kuwa lilitokana na nyongeza ya mwaka 2012 iliyowaleta watu hao wa Meksiko wakivuka bahari kuja kuivamia Ulaya ya magharibi, jambo ambalo halikutukia katika tarikhi na ambalo mpenda tarikhi aliweza kulikataa kwa haki kabisa. Tangu siku ile mchezo mmoja ukawatosha watu wa mapenzi mbalimbali: anayetaka tarikhi kama ilivyokuwa akaipata, na anayetaka maajabu akayapata, wala mmoja hakumzuilia mwenziwe njia.

Hoja ya pili ni ya heshima zaidi, nayo yataka kujibiwa kwa heshima. Husemwa kwamba mchezo ni kazi ya sanaa, na kwamba kama tusivyomwomba mwandishi wa riwaya atupe chaguo la kuiondoa sura tusiyoipenda, kadhalika haifai kumwomba mbunifu wa mchezo atupe swichi ya kuzima alichokitunga. Mimi nakubali kwamba mchezo ni kazi ya sanaa. Ninachokikataa ni kuulinganisha na riwaya. Mwandishi wa riwaya huleta matukio yenyewe, na msomaji huyafuata kama yalivyopangwa. Mbunifu wa mchezo wa mikakati haleti matukio. Huleta kanuni, na matukio huyazaa mchezaji kwa maamuzi yake, hata ikawa watu wawili wanaocheza mchezo mmoja kwa mwaka mzima hawapati visa viwili vinavyofanana. Kazi ambayo nusu yake hufanywa na mpokeaji haiwezi kuhukumiwa kwa adabu za kazi inayomalizwa yote na mtunzi.

Fauka ya hayo, wabunifu wenyewe hawajawahi kuishika kanuni hii ya ukamilifu. Fungua ukurasa wa mipangilio wa toleo hilo la sita la Civilization, utakuta mchezaji anaulizwa ataka dunia kubwa au ndogo, mabara au visiwa, mahasimu wangapi, mwendo wa haraka au wa taratibu, na majambazi wa nyikani wawepo au wasiwepo. Gathering Storm yenyewe, hiyo hiyo isiyokubali Baraza lake lizimwe, humruhusu mchezaji kuchagua ukali wa majanga kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 4. Hakuna aliyesimama kulia kwamba anayecheza katika dunia ndogo ameivunja heshima ya mtunzi, wala kwamba anayeshusha kipimo cha majanga ameirarua sura ya kitabu. Basi ikiwa mafuriko yaweza kupunguzwa kwa ridhaa ya mchezaji na sanaa ikabaki salama, wanionyeshe mimi hao wanaoshikilia hoja hii ni siri gani iliyomo katika Baraza la Dunia, au katika utiifu wa miji, inayofanya kuvizima kuwe ni kuinajisi kazi.

Tena tuitazame michezo ya mezani, ambayo ndiyo mama wa hii ya kompyuta. Mchezo wa Catan, uliotungwa na Klaus Teuber wa Ujerumani na kutolewa mwaka 1995, uliongezewa safari za baharini mwaka 1997, na mwaka uliofuata ukaongezewa mashujaa na miji yenye ngome. Carcassonne wa mwaka 2000 ulipata nyongeza nyingi, na mojawapo, ya mwaka 2005, ilimleta joka anayezunguka ubaoni akiwala watu wa kila mchezaji. Nyongeza hizo hukaa katika maboksi yao, na wanaoketi mezani huamua usiku huo wafungue boksi lipi na lipi libaki kabatini. Na wakimchukia joka lakini wakampenda binti mfalme aliyekuja naye katika boksi moja, humtenga joka wakaendelea. Teuber hakuvunjiwa heshima, na Catan haikufa; bali uhuru huo ni miongoni mwa sababu za michezo hii kukaa majumbani mwa watu miaka na miaka. Iweje basi hiari ambayo mwenye maboksi ya karatasi alikuwa nayo tangu hapo aipoteze mara tu mchezo unapohamia kwenye mashine, ilhali mashine ndiyo yenye uwezo mkubwa zaidi wa kumtumikia?

Hoja ya tatu ni ya mizani. Wanasema kwamba vipengele vya nyongeza vimepimwa pamoja, na ukikiondoa kimoja vingine huyumba: dola yenye nguvu huwa na nguvu kupita kiasi, na dhaifu hukosa msaada uliokusudiwa. Siwezi kusema kwamba hoja hii haina ukweli wowote. Kiongozi ambaye sifa yake yote ni kupata kura katika Baraza atakuwa amepungukiwa ikiwa Baraza halipo, na anayeizima kanuni ile yampasa alijue hilo. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba mchezo utaanguka ni mruko mrefu, na ushahidi wa michezo iliyoishi kuliko yote unaukanusha.

Itazame sataranji. Ile hatua ambayo mfalme huruka pembeni akajisitiri na ngome ikaja kusimama ubavuni mwake haikuwamo katika sataranji ya Waajemi na Waarabu; iliongezwa Ulaya baadaye, na kwa karne nyingi watu wakaiona kuwa ni sehemu isiyotengana na mchezo. Katika mwaka 2019 Vladimir Kramnik wa Urusi, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 2000 hadi 2007, akapendekeza izimwe, kwa hoja kwamba usalama huo wa mapema umewafanya mabingwa kuanza michezo kwa hatua zilizokwisha kuhifadhiwa kwa moyo. Kampuni ya DeepMind ikaifundisha programu yake ya AlphaZero kucheza bila ya hatua hiyo, na kucheza pia kwa mabadiliko mengine kadhaa ya kanuni, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2020 ilidhihirika kwamba mchezo haukuporomoka: ulibaki na kina chake, ukafungua njia ambazo hazikuwa zikipitwa. Mwaka 2021, mjini Dortmund, Ujerumani, Kramnik na Viswanathan Anand wa India, naye bingwa wa zamani wa dunia, wakacheza mechi nzima kwa kanuni hiyo iliyozimwa, na Anand akashinda kwa 2.5 dhidi ya 1.5. Ikiwa mchezo ambao mizani yake imepimwa kwa karne nyingi na vichwa bora vya wanadamu umestahimili kuzimwa hatua moja kubwa, basi mchezo uliopimwa kwa miezi michache ndani ya ofisi hauna haki ya kudai kwamba mizani yake ni tukufu zaidi.

Na sisi wenyewe watu wa pwani hatuhitaji kwenda Dortmund kutafuta ushahidi. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, lina hatua mbili, kunamua na mtaji, na kunamua ndiko kulikobeba ugumu na utamu wake mwingi. Pamoja na hayo wazee hawakuona haya kuwa na bao la kujifunza, ambalo kete zote zimetandazwa tangu mwanzo na hatua ya kunamua haimo. Watu wamelicheza hilo na wamelicheza lile, chini ya mwembe ule ule, na fundi wa bao hakupungukiwa na kitu kwa sababu jirani yake amechagua bao jepesi.

Hoja ya nne ni ya gharama, na hii ndiyo ninayoipa uzito zaidi, kwa kuwa husemwa na watu wanaoijua kazi. Kila swichi, wanasema, huzidisha mara mbili idadi ya hali ambazo mchezo waweza kuwa ndani yake. Swichi 10 huzaa hali 1,024, na hakuna kampuni iwezayo kuzijaribu zote. Na zaidi ya hapo mpinzani anayeendeshwa na kompyuta amefundishwa kucheza na kanuni zote zikiwapo. Hesabu yao ni sahihi. Tena nakubali kwamba yako mabadiliko yasiyozimika, kwa sababu ni ya msingi. Mchezo wa Stellaris, wa kampuni ile ile ya Uswidi, ulikuwa na namna tatu za kusafiri baina ya nyota. Katika toleo la 2.0 la Februari 2018, lililotoka pamoja na nyongeza ya Apocalypse, namna mbili ziliondolewa kama mwendo wa kuanzia, na mkuu wa ubunifu wake, Martin Anward, akaeleza bayana kwamba vita na ngome haviwezi kuwa na maana katika anga ambalo kila mtu hulivuka kwa njia yake. Huo ulikuwa ni ujenzi mpya wa nyumba kuanzia msingi, na anayedai swichi katika jambo kama hilo anadai mambo makubwa mno. Lakini hata hapo kampuni haikuwafungia watu mlango, maana aliyetaka kubaki na toleo la zamani aliachiwa njia ya kulirejesha na kulicheza.

Ninalolisema ni kwamba vipengele vingi vinavyolalamikiwa si vya msingi. Ushahidi wa hili nautoa kwa wabunifu wenyewe. Kuanzia Mei 2020 mpaka mwaka uliofuata, wale wale walioujenga mchezo wa sita wa Civilization walitoa mfululizo wa namna nane za mchezo, kila moja na swichi yake: ya vyama vya siri, ambamo mna kundi la wanyonya damu, ya mashujaa wa hadithi, ambamo Sindbad Baharia husafiri pamoja na Mulan na Anansi, ya zama kali, ya makampuni ya kuhodhi bidhaa, hata ya maiti wanaofufuka na kuitembelea miji. Mchezaji huwasha aipendayo na kuiacha asiyoipenda, na zikichanganywa nyingi kwa pamoja mchezo huendelea kwenda. Hivyo ndivyo Baraza la Dunia na utiifu wa miji vingeweza kutolewa tangu awali, na hoja ya kwamba haiwezekani imekanushwa kwa vitendo na hao hao wanaosemewa. Wala haifai kusahau kwamba swichi mara nyingine huondoa mzigo badala ya kuongeza: katika Stellaris mchezaji aweza kuzuia viumbe wa asili mbalimbali kuzaana, kwa kuwa aina mpya zinazotokana na mchanganyiko huo huongezeka mpaka zikailemea kompyuta, na kwa mwenye mashine ya wastani hiyo ni rehema.

Ama kuhusu kujaribu hali zote, hakuna mchezo uliowahi kujaribiwa hivyo. Aina za dunia, idadi ya mahasimu, viongozi kwa makumi na viwango vya ugumu vimekwisha kuzaa hali zisizohesabika kabla ya swichi hata moja kuongezwa, na kampuni huuza bila ya khofu. Inatosha kumwambia mchezaji wazi kwamba kanuni hii ikizimwa mizani haikuhakikiwa, na kumwachia dhamana ya uamuzi wake. Crusader Kings II ilifanya vizuri katika hili: baadhi ya kanuni zikibadilishwa, tuzo za mchezo hazipatikani katika safari ile, na kwa hivyo fahari ya aliyeshinda kwa masharti makali haichanganywi na burudani ya aliyejitengenezea dunia nyepesi. Na mpinzani wa kompyuta? Huyo ndiye anayefaa kuwa shahidi wangu. Maana kila aliyecheza Civilization ya sita kwa muda amemwona akipeleka walowezi karibu na miji ya wengine, akajenga mji chini ya mvuto wa jirani mwenye nguvu, na mji huo ukaasi muda mfupi baadaye. Kipengele isichokimudu kompyuta kikizimwa, mpinzani huwa bora, na mchezaji hupata vita vya kweli.

Hapo ndipo inapoanguka hoja ya tano, ambayo ni tuhuma kuliko kuwa hoja: kwamba anayetaka kuzima anakimbia ugumu. Baraza la Dunia, kwa mfano, halimletei mchezaji mzuri taabu ya kushindwa. Kinyume chake humpa sarafu ya kidiplomasia ambayo huwauzia wapinzani wa kompyuta kwa dhahabu nyingi, na kulizima ni kujinyima chemchemi ya utajiri rahisi. Mashujaa wa hadithi vivyo hivyo ni silaha mkononi mwa anayewajua. Wengi wanaoomba swichi wanaomba mchezo mgumu zaidi, au mwepesi wa kwenda, au ulio karibu zaidi na tarikhi. Na hata yule anayeomba urahisi, kwa kuwa ana saa moja tu ya jioni baada ya kazi na safari ya kawaida ya mchezo huu yaweza kufika zamu 500, haombi jambo la aibu. Anacheza peke yake, ndani ya nyumba yake, na dola anayoitawala haimtawali mtu mwingine yeyote.

Nimeiacha mwisho hoja ya upole, isemayo kwamba ugomvi huu hauna haja kwa kuwa wachezaji wenye ujuzi hutunga modi, yaani programu ndogo za kuubadilisha mchezo, zenye kuzima kila kitu, na kuzitoa bure. Nawashukuru watu hao, na najua kwamba bila ya wao wengi wangekuwa wamekwisha kuacha kucheza. Lakini kuwepo kwao kunathibitisha dai langu badala ya kulibatilisha. Ikiwa mtu mmoja, bila ya malipo, katika muda wake wa mapumziko, aweza kulizima Baraza la Dunia, basi kampuni yenye wahandisi na fedha haina udhuru. Tena modi huvunjika kila sasisho linapotoka, na mtunzi wake akichoka huachwa bila ya matengenezo, na mchezaji akapoteza safari aliyokuwa ameifikisha katikati. Haki isiyopatikana ila kwa hisani ya mgeni haijawa haki.

Wala ninachokiomba si kipya. Civilization ya nne, ya mwaka 2005, ilipopata nyongeza zake za mwaka 2006 na 2007, zilizoleta dola zinazojiweka chini ya dola nyingine, matukio ya nasibu na ujasusi mpana, ukurasa wa mipangilio ulimwezesha mchezaji kuzikataa dola hizo, kuyakataa matukio, kuukataa ujasusi, na kukataza hata mataifa yasiuziane elimu yaliyoipata kwa wengine. Kila jambo kwa kisanduku chake, bila ya kupoteza kilichobaki. Ni miongoni mwa michezo ya mikakati inayoheshimiwa kuliko yote mpaka leo, na sijamsikia mtu akisema kwamba visanduku vile viliharibu. Kilichowezekana mwaka 2007, kwa mashine dhaifu zaidi, hakiwezi kuitwa muhali sasa.

Basi hukumu yangu ni hii. Mbunifu atunge kwa uhuru wake wote, aongeze alionalo jema, na aupange mchezo wake kama aupendavyo uchezwe mara ya kwanza. Hiyo ni haki yake na mimi naiheshimu. Lakini kila kipengele kinachoweza kusimama peke yake akiwekee swichi yake katika ukurasa wa mipangilio, atangaze kabla ya kuuza ni vipi vinazimika na ni vipi vya msingi, na asasishe bila ya kumbadilishia mtu sharia za safari aliyokwisha kuianza. Na wewe mchezaji mwenzangu unayezipenda nyongeza zote kama zilivyo, zicheze zote na ufurahi. Hakuna swichi itakayokugusa mpaka uiguse mwenyewe. Lakini usiwazuilie wengine kitu ambacho kwako hakina gharama, na siku nyingine utakaposikia mtu akiomba ruhusa ya kuzima, muunge mkono, maana nyongeza ijayo yaweza kuwa ndiyo itakayokuletea wewe jambo usilolitaka.